Geji za hedispesi: kuzichagua na kuzitumia unapofunga mtutu wa bunduki

Mtutu mpya unaweza kuingia kwenye risiva, yaani mwili wa bunduki, vizuri, ukakazwa barabara, bolti, kifungio cha nyuma ya risasi, ikafunguka na kufungwa kwa ulaini, na bado bunduki ikawa hatari kwa anayeishika. Tofauti ya sehemu ya kumi ya milimita ndani ya chemba, tundu la nyuma ya mtutu linamokaa risasi, haionekani kwa macho. Kinachoifichua ni kipande kidogo cha chuma kigumu kiitwacho geji ya hedispesi, nacho husema kweli pale tu kinapotumiwa kwa mkono mwepesi ndani ya chemba safi.

Wengi wanaoanza kazi hii huiona kama mtihani wa kufaulu au kufeli: GO, geji fupi, imeingia, NO-GO, geji ndefu, imekataa, basi kazi imekwisha. Naona huo ni mtazamo finyu. GO ndiyo rula ya kazi nzima, na fundi anapaswa kuijenga chemba karibu nayo kadiri awezavyo. NO-GO ni mpaka, na mpaka haulengwi. Bunduki ambayo bolti yake inakataa NO-GO kwa unywele tu imefaulu kwenye karatasi, lakini itayachosha maganda mapema na haina akiba ya uchakavu wa miaka ijayo.

Kinachopimwa hasa

Hedispesi ni umbali kutoka kwenye uso wa bolti iliyofungwa hadi mahali ndani ya chemba panapoizuia risasi isiendelee mbele. Mahali hapo hutegemea umbo la ganda, na ndiyo maana hakuna geji ya bunduki zote.

Ganda lisilo na ukingo uliotokeza, lenye shingo kama chupa, huzuiwa na bega lake. Kipimo huchukuliwa kutoka kitako hadi duara la rejea lililochaguliwa kwenye mteremko wa bega. Kwa .308 Winchester duara hilo lina kipenyo cha inchi 0.400, na SAAMI, taasisi ya watengenezaji wa Marekani iliyoanzishwa mwaka 1926, inataka chemba iwe kati ya inchi 1.630 na 1.640, yaani milimita 41.40 hadi 41.66. Kwa .223 Remington duara ni inchi 0.330, na chemba huanzia 1.4636 na kuishia 1.4736.

Ganda lenye ukingo, kama .303 British au .30-30, huzuiwa na ukingo wenyewe, kwa hiyo kinachopimwa ni nafasi ya unene wa ukingo na bega halihusiki. Ganda lenye mkanda, kama .375 H&H na .300 Winchester Magnum, huzuiwa na mkanda ulio mbele ya kitako, na kipimo chake ni inchi 0.220 hadi 0.227. Ganda lililonyooka la bastola, kama 9 mm, husimama kwa mdomo wake: inchi 0.754 hadi 0.776.

Linganisha namba hizo uone jambo moja. Kwenye .308 nafasi yote kati ya chemba fupi kabisa na ndefu kabisa inayoruhusiwa ni robo ya milimita. Kwenye 9 mm ni zaidi ya nusu milimita. Anayezoea bastola akahamia bunduki ndefu huja na mkono uliozoea ulegevu ambao huku haupo.

Kwa nini robo ya milimita ni jambo zito

Pini ya kufyatulia inapoigonga fataki, kiwashio kilicho kitakoni mwa ganda, hulisukuma ganda mbele mpaka bega liguse chemba. Baruti ikiwaka, kuta nyembamba za mbele za ganda hutanuka na kuing'ang'ania chemba. Kitako ni kinene, hakitanuki vivyo hivyo, na shinikizo linakisukuma nyuma kuelekea uso wa bolti. Kama kuna nafasi tupu nyuma yake, sehemu ya mbele imeshikwa na ya nyuma inavutwa, basi shaba iliyo katikati inarefuka na kuwa nyembamba. Dalili yake ni mstari unaong'aa kuzunguka ganda, takriban milimita 8 hadi 10 juu ya kitako. Ukichukua waya mwembamba wenye ncha iliyopindwa, ukaikwaruza ndani ya ganda kuanzia chini, utaisikia ncha ikitumbukia kwenye mfereji.

Ganda likirudiwa kujazwa mara kadhaa katika chemba ya namna hiyo, au chemba ikiwa ndefu mno kwa mara ya kwanza tu, kitako hukatika. Gesi moto hutoka kupitia risiva na magazini, na macho ya mpiga bunduki yako sentimita chache kutoka hapo.

Chemba fupi nayo ina madhara yake. Bolti haifungi, au inafungwa kwa nguvu. Nguvu hiyo huyaparua masikio ya bolti, vile vipande vinavyotokeza na kuishikilia ikifungwa, na kwenye bunduki za kujipakia inaweza kuiacha bolti ikiwa haijafunga sawasawa.

GO, NO-GO na FIELD

GO inawakilisha chemba fupi kabisa inayokubalika. Bolti lazima ifunge juu yake. NO-GO inawakilisha mpaka wa kazi mpya: bolti haipaswi kuifunga kwenye mtutu uliofungwa leo. FIELD ni mpaka wa bunduki iliyokwisha kutumika, na ikikubali kufungwa, bunduki hiyo inaondolewa kazini. Kwa .308 seti ya kawaida ya kiraia ni 1.630, 1.634 na 1.638. Tazama kwamba hata FIELD hiyo iko chini ya ukomo wa chemba wa 1.640, na kwamba NO-GO iko milimita 0.10 tu juu ya GO.

Hapa ndipo watu hupotea. Namba za NO-GO na FIELD hazifanani kwa kila mtengenezaji, maana kila mmoja huchagua atakapoweka mpaka wake ndani ya kile kinachoruhusiwa. Soma namba iliyochongwa kwenye geji yenyewe, usitosheke na neno. Tena geji za kijeshi hufuata desturi nyingine. Geji ya FIELD ya jeshi la Marekani kwa 7.62 NATO ni inchi 1.6455, ambayo inapita ukomo wa .308 ya kiraia. Bunduki ya kijeshi iliyokubaliwa kwa geji hiyo si lazima iwe salama kwa maganda ya kiraia yaliyo membamba zaidi. Ukinunua geji, uliza kwanza ni ya kiwango kipi, cha SAAMI, cha CIP (taasisi ya kimataifa ya viwango vya silaha, yenye nchi nyingi za Ulaya) au cha jeshi, kisha uchanganye vitu vya kiwango kimoja tu.

Nani anunue nini? Anayefunga mtutu mpya anahitaji GO kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu bila hiyo hana pa kuanzia. NO-GO ni ya pili, nayo naihesabu kuwa ya lazima kwa yeyote anayemfungia mtu mwingine bunduki. FIELD haina kazi kwenye mtutu mpya. Ni ya mkaguzi wa bunduki za zamani, na kuitumia kuuidhinisha mtutu mpya uliokwisha kufunga juu ya NO-GO ni kujidanganya.

Kama unatoboa chemba mwenyewe, jitahidi rima, kikatio cha kuchongea chemba, na geji vitoke kwa mtengenezaji mmoja. Kila karakana hushika pembe ya bega kwa kiasi chake cha tofauti inayoruhusiwa, na tofauti ndogo ya pembe huhamisha mahali geji inapogusa. Angalia pia umbo la geji yenyewe. Baadhi zimekatwa pembeni ili zipishe ekstrakta (ukucha unaolivuta ganda) na ejekta (kinachosukuma ganda nje), hivyo bolti inaweza kubaki na vipuri vyake. Nyingine ni duara kamili na zinahitaji bolti tupu. Nazipendelea hizi za pili, kwa sababu zinakulazimisha kuivua bolti, na bolti iliyovuliwa ndiyo inayosema kweli.

Kuandaa bunduki

Hakikisha bunduki haina risasi, ondoa magazini, na usiweke risasi hai yoyote kwenye meza ya kazi. Risasi hai haitumiki kama geji kwa hali yoyote, hata kwa dakika moja. Zaidi ya hatari, risasi si kipimo: kwa SAAMI, risasi ya .308 inaruhusiwa kuwa popote kati ya inchi 1.627 na 1.634 kutoka kitako hadi duara la rejea. Hiyo ndefu kabisa inapita hata GO.

Ivue bolti. Toa pini ya kufyatulia pamoja na springi yake, toa ejekta, toa ekstrakta. Springi ya pini hufanya mpini wa bolti uwe mzito hata chemba ikiwa tupu, na ejekta ya springi huisukuma geji mbele na upande mmoja. Vyote viwili vinakuibia hisia ya vidole. Kwenye bunduki za aina ya Mauser 98, ekstrakta ndefu haipandi kirahisi juu ya ukingo wa geji. Ama uiondoe, ama uteleze geji chini ya ukucha wake kutoka chini kabla ya kusukuma bolti mbele. Usiiache geji chembani kisha ukaigongesha bolti ili ukucha uruke.

Safisha uso wa bolti, masikio yake, na mashimo ya ndani ya risiva yanamokaa masikio hayo. Hapo ndipo grisi ya zamani na mabaki ya chuma hujificha, na brashi ya kawaida haifiki. Tumia kijiti chenye kitambaa kilichopindwa. Safisha chemba kwa kiyeyusho, kisha ikaushe. Futa geji mpaka ikauke. Tone la mafuta mazito begani huhesabika kama chuma.

Kisha funga bolti tupu kwenye bunduki bila geji. Inua mpini, uachie. Uanguke wenyewe kwa uzito wake. Kama hauanguki, kuna kitu kinakwaruza, na hakuna haja ya kuendelea mpaka ukijue. Huo ndio msingi wa kulinganisha kila utakachokisikia baadaye.

Kazi zote za kuinyoosha risiva zitangulie. Kukereza uso wa bolti, kusugua masikio ili yaguse sawasawa, kunyoosha uso wa mbele wa risiva: kila moja hubadilisha hedispesi, na mbili za kwanza huiongeza. Anayesugua masikio baada ya kutoboa chemba amejiharibia kipimo alichokihangaikia.

Mtutu wenye nati

Bunduki za Savage ndizo zilizoeneza mtindo huu, na ndio mtindo rafiki zaidi kwa asiye na mashine ya kukereza. Chemba imekwisha kutobolewa kamili, na hedispesi hupangwa kwa kuuzungusha mtutu ndani au nje, kisha nati hufungwa kuushikilia.

Paka thredi, mikato ya skrubu ya mtutu, mafuta ya kuzuia kushikana. Weka kipande cha kupokea mrejesho, yaani msukumo wa bunduki kurudi nyuma, mahali pake na kinyooke sawa. Weka GO kwenye uso wa bolti, iingize chembani, funga bolti kabisa. Sasa zungusha mtutu ndani kwa mkono mpaka uguse geji. Utausikia mguso ukiwa wa wazi, kama kitu kigumu kimekutana na kigumu. Ukisikia ulaini kwanza halafu ugumu, kuna uchafu katikati. Toa, safisha, anza upya. Kwenye Savage kichwa cha bolti kina uchezaji kidogo kwenye pini yake, kwa hiyo hakikisha kimerudi nyuma kabisa kabla ya kuuamini mguso.

Chora mstari mmoja mwembamba unaovuka kutoka kwenye mtutu hadi kwenye risiva. Mstari huo una thamani kubwa. Thredi za Savage ni 20 kwa inchi, kwa hiyo mzunguko mmoja mzima husogeza mtutu inchi 0.050, na inchi 0.001 ni digrii 7.2. Mahali mtutu ulipo na kipenyo cha milimita 27, digrii hizo ni kama milimita 1.7 kwenye mzingo. Kwa hiyo mstari ukisogea upana wa ncha ya kalamu nene, hedispesi nayo imesogea, na unaweza kukadiria kwa kiasi gani bila kifaa chochote kingine.

Kaza nati. Wengi hukaza kati ya Nm 47 na 68. Mtutu ushikwe imara usizunguke na nati. Ukizunguka nayo, hedispesi inapungua na bolti itagoma kwenye GO. Hata usipozunguka, kuna jambo jingine: nati inapoegemea risiva huuvuta mtutu mbele na kumaliza uchezaji uliokuwamo kwenye thredi, hivyo hedispesi inaongezeka kidogo. Ndiyo maana kipimo cha kabla ya kukaza hakihesabiki. Fungua bolti, toa geji, irudishe, funga kwa vidole viwili. Kama mpini unaanguka au unashuka kwa msukumo mdogo kabisa, GO imekubali. Kama unakwama katikati, legeza nati, rudisha mtutu nje digrii chache ukitazama mstari, kaza tena.

Kisha NO-GO. Mpini ushuke kidogo ukome. Usiulazimishe. Mteremko wa kufungia bolti ni kabari yenye nguvu kubwa, na mkono mzito unaweza kuifunga bolti juu ya geji ambayo kwa vidole ingekataa, huku ukiliumiza bega la chemba.

Mtutu wenye bega

Hapa mtutu una bega linalokaa kwenye uso wa risiva, kama Remington 700 yenye thredi 16 kwa inchi. Hedispesi huamuliwa na kina cha chemba, na kosa halirekebishwi kwa kuzungusha.

Kipimo cha kwanza ni kina kutoka uso wa mbele wa risiva hadi uso wa bolti, bolti ikiwa imefungwa na kusukumwa nyuma ili masikio yaegemee. Kama kipande cha mrejesho kinakaa kati ya risiva na bega, kiwe mahali pake unapopima. Kiite A. Kipimo cha pili huchukuliwa GO ikiwa chembani: kutoka bega la mtutu hadi kitako cha geji kinachotokeza. Kiite B. B ikizidi A, bado unatoboa, na tofauti yake ndiyo kina kilichobaki. Tuseme A ni milimita 22.40 na B ni 23.15: kimebaki 0.75. Lengo ni B iwe sawa na A au pungufu yake kwa takriban milimita 0.03.

Hatua za mwanzo zinaweza kwenda kwa kasi. Milimita ya mwisho haiharakishwi. Toa rima, ipulize, osha chemba, futa, weka geji, pima, rudia. Sababu ya ukali huu ni moja, na ni ya kukumbukwa: kipande cha chuma kilichonasa chini ya bega la geji huifanya geji itokeze zaidi, B inasomeka kubwa, nawe unaamini kina bado. Utatoboa zaidi. Kipande kile kikitoka, chemba ni ndefu. Uchafu kwenye bunduki iliyokwisha kufungwa huifanya chemba ionekane fupi, na bolti inagoma, kwa hiyo unagundua. Uchafu wakati wa kutoboa hukupeleka moja kwa moja kwenye upande wa hatari na haukuonyi.

Ukikaza mtutu wa namna hii, bega hubanwa na mtutu unasogea nyuma kidogo, kwa hiyo hedispesi hupungua. Ni kinyume cha mtutu wa nati, na anayefanya aina zote mbili asizichanganye. Acha nafasi ndogo kwa ajili hiyo, kisha pima upya baada ya kukaza kamili. Chemba iliyobaki fupi kwa unywele inaweza kuongezwa kwa rima ikizungushwa kwa mkono. Iliyozidi haina rima ya kuirudisha.

AR-15 na .303

Kwenye bunduki za aina ya AR-15, kipande kinachobeba mashimo ya masikio ya bolti kimefungwa kwenye mtutu na kupigiliwa pini kiwandani. Nati inayoushikilia mtutu kwenye risiva haigusi hedispesi hata kidogo. Kuikaza zaidi ili "kurekebisha" ni kupoteza muda na kuharibu thredi. Kinachopimwa ni ndoa ya mtutu ule na bolti ile, na kinachoweza kubadilishwa ni bolti. Kipimo kinaweza kufanywa mtutu ukiwa mezani: bolti iliyovuliwa ekstrakta na ejekta, geji mbele yake, uizungushe kwa vidole. Izunguke juu ya GO, igome juu ya NO-GO.

Lee-Enfield No. 4 nayo ina njia yake. Kichwa cha bolti huondolewa, na kuna namba 0, 1, 2 na 3, kila moja ikikusudiwa kuwa ndefu kuliko iliyotangulia kwa takriban inchi 0.003. GO ya .303 ni inchi 0.064, na NO-GO ya kijeshi ya Uingereza ni 0.074. Urefu halisi wa vichwa hivyo huingiliana, kichwa cha namba 2 kinaweza kuwa kirefu kuliko cha namba 3, kwa hiyo pima kwa maikromita na usiamini namba. Na hata hedispesi ya ukingo ikiwa kamili, chemba nyingi za .303 zimeachwa pana mbele ya bega, hivyo ganda bado litarefuka. Geji hapo imesema kweli kuhusu ukingo, na kuhusu bega haikuulizwa. Jambo hilo hilo liko kwenye maganda yenye mkanda.

Pale usipokuwa na NO-GO

Kuna mbinu ya utepe wa plastiki, na ni nzuri kuliko sifa zake. Pima unene wa utepe kwa maikromita. Wa kawaida huwa karibu inchi 0.002, lakini usikisie. Kata kipande, kibandike kwenye kitako cha GO, punguza kingo kwa wembe ili zisitokeze. Funga bolti. Ikikubali, ongeza kipande cha pili. Bolti ikianza kugoma kwenye cha pili, hedispesi yako iko kati ya inchi 0.002 na 0.004 juu ya GO, habari ambayo NO-GO peke yake isingekupa. Utepe hubonyea, kwa hiyo tumia kipande kipya kila jaribio, na usiufanye msingi wa kuidhinisha bunduki ya mtu. Hata mwenye seti kamili anafaidika nayo, maana inampa ukubwa wa nafasi, si jibu la ndiyo au hapana pekee.

GO pia huweka sifuri. Venia yenye kifaa cha kugusa begani haitoi kipimo cha kweli cha duara la rejea, kwa kuwa ukingo wa tundu lake umelainishwa kidogo. Weka GO humo, rudisha venia kwenye sifuri, kisha pima maganda yaliyofyatuliwa katika bunduki ile. Sasa kila ganda linasomeka kama kiasi juu au chini ya GO. Anayejaza maganda yake hutumia namba hiyo kurudisha bega nyuma inchi 0.001 hadi 0.002 kwa bunduki ya bolti, na 0.003 hadi 0.004 kwa ya kujipakia.

Majibu mabaya

Bolti ikigoma kwenye GO, usikimbilie kutoboa. Anza na uchafu, kisha vipele vya chuma kwenye uso wa bolti, kisha hakikisha geji ni ya risasi hiyo hasa, kisha angalia kama mtutu umezunguka na nati. Ikifunga juu ya NO-GO, safisha na urudie kwa vidole vyepesi, kisha ukubali jibu. Mtutu wa nati unazungushwa ndani. Wenye bega unarudishwa nyuma: bega linakerezwa, thredi zinasogezwa, chemba inatobolewa upya kidogo. Kama mtutu una maandishi au kilengeo cha mbele ambacho lazima kikae juu, hurudishwa mzunguko mzima, ambao kwa thredi 16 ni inchi 0.0625.

Kuchomelea uso wa bolti, kuweka kipande cha bati nyuma ya ganda, au kumpa mwenye bunduki maganda "yaliyorefushwa" havirekebishi chemba. Risasi ya kawaida ya dukani itaingia humo siku moja, na bunduki haitajua kwamba mliagana vingine.

Hedispesi ikiwa sawa, bado geji haijasema lolote kuhusu koo la mtutu (sehemu iliyo mbele tu ya chemba), upana wa chemba wala shingo yake. Kwa hayo kuna kumimina Cerrosafe, aloi inayoyeyuka kati ya nyuzi 71 na 88 za Selsiasi, ambayo hujikunja ikipoa kisha hutanuka na kufikia ukubwa wa chemba takriban saa moja baada ya kumiminwa. Pima wakati huo, si kabla wala siku inayofuata. Na mahali ambapo sheria za CIP zinatumika, mtutu mpya kwa kawaida huhitaji jaribio rasmi la shinikizo na muhuri wake. Geji haichukui nafasi ya jaribio hilo, na ufundi wa kufunga mitutu katika nchi nyingi unahitaji leseni.

Bolti iliyopimwa na mtutu ni ya mtutu huo. Ukiwa na bunduki mbili za aina moja mezani, ziwekee bolti alama kabla ya kuzivua, maana kubadilishana kwa bahati mbaya kunafuta vipimo vyote viwili.

Geji ifutwe, ipakwe mafuta mepesi, irudi kwenye kasha lake peke yake, isigongane na nyingine; iliyoanguka sakafuni ikapata kovu begani haitumiki tena mpaka ilinganishwe na nzima. Baada ya risasi za kwanza kufyatuliwa, rudia GO na NO-GO, kwa kuwa masikio ya bolti hukaa vizuri zaidi kwenye viti vyake chini ya shinikizo, na utazame kama mstari ulioupiga kati ya mtutu na risiva bado unakutana.